Mnaotaka kusomea uhandisi wa vifaa tiba Ulaya: transkripti kwanza, ufadhili baadaye

Fundi_Oksijeni (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Kila ikikaribia Oktoba PM inajaa swali lile lile: "Kaka, kuna ufadhili gani wa vifaa tiba Ulaya?" Nimeona niandike hapa mara moja. Wenye nyongeza waongeze, wa kupinga wapinge.

Msimamo wangu nautoa mapema: ufadhili upo, na wengi wenu hamkwamii huko. Mnakwamia kwenye transkripti. Mtu ana GPA nzuri, barua za wahadhiri zimejaa sifa, anaomba kozi chungu nzima, zote zinamkataa na hajui kwa nini.

Nitumie Ujerumani, ndiko ninakokujua. Kule alama bora ni 1.0 na ya mwisho ya kufaulu ni 4.0. Vyuo vingi vinageuza GPA yako kwa kanuni inayoitwa ya Bavaria. Chukua alama ya juu ya mfumo wetu wa Tanzania, 5.0, toa GPA yako. Jibu ligawe kwa tofauti ya 5.0 na alama ya chini ya kufaulu, 2.0. Zidisha kwa 3, jumlisha 1. Mwenye 3.8 anatoka na 2.2. Mwenye 3.5 anatoka na 2.5, na zipo kozi zilizochora mstari wake hapohapo kwenye 2.5. Piga hesabu hii leo, kabla hujalipia kitu chochote.

Halafu krediti. Yetu moja ni saa 10 za kazi, ya Ulaya (ECTS) ni kati ya saa 25 na 30. Mwaka mzima wetu ni krediti 120, wao 60. Kwa hiyo gawa kwa mbili. Nimeona mtu kaandika kwenye fomu kwamba ana ECTS 480 za shahada ya kwanza. Anayepitia faili anaona huyu ama hajui anachofanya ama anadanganya.

Kubwa kuliko yote ni masomo yenyewe. Mitaala yetu mingi imejengwa kumtoa mtu wa kutunza mashine: anatomia, mashine za usingizi, eksirei, usimamizi wa karakana. Kozi za uzamili kule zinahesabu kalkulasi, aljebra mstari, fizikia, elektroniki, uchakataji wa mawimbi, programu. Nyingine zinataja kabisa ECTS ngapi za hesabu na ngapi za umeme. Ukipungukiwa, hata uwe wa kwanza darasani, mfumo unakutema. Aliyeko mwaka wa pili anayesoma hapa bado ana muda wa kuchagua masomo ya hiari kwa akili. Wa mwaka wa nne atafute kozi zenye mlango mpana.

Sasa kozi zenyewe. Lübeck kuna uzamili wa Biomedical Engineering kwa Kiingereza, unaendeshwa na Universität zu Lübeck pamoja na Technische Hochschule Lübeck. Huo ndio mji wa Dräger, kampuni iliyoanzishwa hapohapo mwaka 1889. Waliofanya kazi kwenye vyumba vya upasuaji nyumbani watakuwa wameiona nembo yake kwenye mashine ya usingizi. Furtwangen wana kozi yao kwenye kampasi ya Villingen-Schwenningen, jirani na Tuttlingen, mji ulioshiba viwanda vya vifaa vya upasuaji, Karl Storz na Aesculap wakiwemo. Erlangen kuna FAU, na Siemens Healthineers wako palepale mjini.

Ada: vyuo vingi vya serikali havitozi, unalipa mchango wa muhula tu. Ila Baden-Württemberg (Furtwangen iko huko) wasiotoka Umoja wa Ulaya wanalipa euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Na TUM ya Munich, ambayo wengi mnaimba ni bure, ilianza kutoza wageni muhula wa baridi wa 2024/25: uzamili ni euro 4,000 au 6,000 kwa muhula, kutegemea kozi. Msidanganywe na video za zamani.

Kinachowatoa watu jasho ni akaunti ya zuio. Kama huna ufadhili wala mdhamini, ubalozi unataka uonyeshe euro 11,904 za mwaka, unazoruhusiwa kutoa 992 kwa mwezi. Hiyo siyo ada, ni pesa yako ya kula na kulala. Lakini lazima uwe nayo yote kabla ya visa.

Nimeishia hapo kwanza, karibuni.

---

Binti_wa_Kange

Asante sana kaka kwa uzi. Mimi nina diploma ya vifaa tiba NTA level 6, niko kazini hospitali ya wilaya mwaka wa tatu sasa. Naweza kuomba hizo za Ujerumani moja kwa moja?

---

Fundi_Oksijeni

Dada, kwa uzamili hapana, unahitaji shahada, yaani level 8. Maliza shahada hapa nyumbani kwanza, DIT wanayo ya uhandisi wa vifaa tiba na MUHAS wanayo. Kuanza shahada ya kwanza Ujerumani kunawezekana, ila nyingi ni kwa Kijerumani na utatakiwa lugha ya ngazi ya juu kabla ya kuingia darasani.

Miaka yako ya kazi usiitupe lakini. Itunze kwa barua za mwajiri zenye tarehe. Nitaeleza kwa nini.

---

Omosh_254

Wadau wa TZ mambo. Hii hesabu ya Bavaria inatuumiza sisi Wakenya kuliko nyinyi, wacha niwaonyeshe. Kwetu alama ni asilimia, juu ni 100, kufaulu ni 40. First Class inaanza 70. Ukiweka kwenye kanuni: 30 gawa kwa 60, mara 3, jumlisha 1. Inakuja 2.5. Yaani mtu wa First Class ya 70 anasimama sawa na Mtanzania wa 3.5 ambaye kwao ni Upper Second! Na yule wa 65 ako 2.75, hapo ameshafungiwa nje kwa kozi kadhaa.

Na kila mtu anajua mhadhiri wa uhandisi huku kupeana 85 ni kama kumwomba figo.

---

Fundi_Oksijeni

😂😂 Omosh umenena kweli. Dawa yake si kamili lakini inasaidia: omba ofisi ya usajili ya chuo barua inayoeleza mizani ya alama, na kama wanakubali, nafasi yako darasani. "Wa tatu kati ya arobaini" inamwambia msomaji wa Kijerumani kitu ambacho 70 haimwambii. Si kila chuo kitaizingatia, ila wapo wanaosoma faili zima.

Na tumeni maombi kwa hesabu. Vyuo vingi vinapokea kupitia uni-assist, ofisi ya pamoja ya kukagua maombi ya wageni: la kwanza euro 75, kila la nyongeza euro 30 kwa muhula huohuo. Matatu mazuri yanatosha kuliko kumi ya kubahatisha.

---

Nyanda_Ughaibuni

Mkuu umeanza na Ujerumani kana kwamba Ulaya ni Ujerumani tu. Niongelee Italia, maana ndiko maskini anakopata nafasi bila kuwa bingwa wa taifa.

Politecnico di Milano na Politecnico di Torino wote wana uzamili wa uhandisi tiba, Pavia wanao wa Bioengineering. Ufadhili unaotubeba wengi unaitwa DSU, unatolewa na mikoa, na kigezo chake kikuu mwaka wa kwanza ni kipato cha familia, siyo GPA. Ukipata, unasamehewa ada, unapewa pesa, chakula cha kantini, na penye nafasi kitanda cha hosteli.

Kazi iko kwenye karatasi. Wanataka kipato cha kila mwanafamilia, mali, nyumba, wategemezi, vyote vimetafsiriwa Kiitaliano na kuthibitishwa. Mzazi mwenye hati ya mshahara, rahisi. Mzazi mkulima ndipo mtihani. Babangu analima mpunga na ana ng'ombe. Barua ya kwanza ya mtendaji wa kijiji iliandikwa "kipato chake ni cha kawaida". Ya kawaida ni shilingi ngapi? Ikarudishwa. Ya pili ikaandikwa ekari, magunia ya msimu, bei ya gunia, jumla kwa mwaka, muhuri, saini. Hiyo ikapita. Andika namba, Waitaliano wanapenda namba.

Angalizo mbili. Pesa taslimu haiji siku unayotua, kwa hiyo njoo na ya kujikimu miezi ya mwanzo. Na kuna idadi ya krediti lazima uzipate ili usipoteze DSU, usije ukakaa unafanya kazi za kuosha vyombo usiku na mitihani inakupita.

---

Jicho_la_Picha

Nimepitia MAIA, nichangie upande wa Erasmus Mundus, ufadhili wa Umoja wa Ulaya.

Ni uzamili wa miaka miwili wa picha za tiba: CT, MRI, ultrasaundi, na namna ya kuifundisha kompyuta kuzisoma. Unaendeshwa na vyuo vitatu, Bourgogne (Ufaransa), Cassino (Italia) na Girona (Hispania), na unahama navyo. Ufadhili wa Erasmus Mundus unalipa ada, na wewe unapewa euro 1,400 kwa mwezi hadi miezi 24. Ndani ya hiyo kila kitu chako: ndege, visa, kodi ya chumba. Inatosha vizuri, mradi usiishi kama mtalii.

Wasichoambiwa watu ni kuhama. Ukimaliza kupambana na kibali cha ukaazi cha Ufaransa, unaanza upya cha Italia, kisha cha Hispania. Kila nchi na karatasi zake, kila mahali mwenye nyumba anataka malipo ya dhamana kabla ya yale ya zamani kurudi. Kama una familia inayokutegemea kwa pesa ya kila mwezi, panga na hilo.

Maombi mengi ya Erasmus Mundus hufunguka kati ya Oktoba na Januari. Aliye mwaka wa mwisho anaruhusiwa kuomba mradi atamaliza kabla masomo hayajaanza. Na ile barua ya nia: ukiandika "tangu utotoni nilipenda kusaidia wagonjwa" wameisoma mara elfu. Andika mashine gani umewahi kuifungua, ilikuwa na tatizo gani, ulipima nini.

---

Mama_Karakana

Wanangu nawasoma. Mimi niko karakana ya hospitali ya rufaa ya mkoa, miaka inaelekea ya kustaafu. Niulize swali lisilopendwa: mkishajifunza kuifundisha kompyuta kusoma picha, mnarudi kufanya nini?

Leo nina konsentreta za oksijeni zimepangwa ukutani. Si mbovu sana. Filta hazikubadilishwa, unyevu umeingia kwenye zeolaiti (punje zinazochuja nitrojeni ya hewa), oksijeni inayotoka imeshuka chini ya asilimia 82, ambacho ndicho kiwango cha chini cha WHO. Muuguzi anaona mashine inanguruma, taa ya kijani inawaka, anamwekea mtoto. Mtoto anapumua oksijeni isiyofikia ile anayoihitaji. Hapo hahitajiki mtu wa uzamili, anahitajika mtu mwenye kipimo cha oksijeni na tabia ya kupima kila mwezi.

Siwakatazi kwenda. Nendeni. Ila nimeona vijana wazuri watatu karakanani kwangu wakienda, na anayerudi anarudi kufundisha, hataki tena kushika bisibisi.

---

Jicho_la_Picha

Shikamoo mama. Nakubali hiyo ya konsentreta asilimia mia. Lakini mashine za CT zimeingia hospitali za mikoa, na wataalamu wa kusoma picha ni wachache mno. Anayejua programu za picha hawezi kuitwa pambo.

---

Mama_Karakana

Marahaba mwanangu. CT ipo, sikatai. Siku ikisimama tunampigia simu mwenye mkataba wa matengenezo, kwa sababu neno la siri la kuingia kwenye menyu ya ufundi analo yeye. Nileteeni aliyesoma Ulaya akajua namna ya kuandika mkataba ambao hilo neno la siri linabaki kwetu. Huyo nitampokea kwa ngoma.

---

Fundi_Oksijeni

Shikamoo mama Karakana. Hapo umegusa kitu ambacho ndicho nakiona faida halisi ya kwenda kule, na nilitaka kukifikia.

Darasani utajifunza nadharia, sawa. Lakini kinachobadilisha mtu ni kukaa miezi sita kiwandani au kwenye idara ya uhandisi ya hospitali ukiandika tasnifu. Unaona mashine inavyozaliwa: nani anaamua menyu ya ufundi ifungwe, nani anaandika kitabu cha matengenezo, kipuri kinapangiwa bei wapi. Tangu Mei 2021 sheria mpya ya vifaa tiba ya Umoja wa Ulaya, 2017/745, inafanya kazi, na viwanda vinatafuta watu wa kuandaa nyaraka za usalama na ushahidi wa kitabibu. Mtanzania aliyeielewa hiyo sheria kwa undani akirudi TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba, au kwenye kamati ya manunuzi ya wizara, anafunga milango ya mashine mbovu kabla hazijapanda meli. Tawi hili la kanuni na ubora halina mvuto Instagram, ila mimi ningekuwa naanza leo ningelitazama kabla ya akili mnemba.

Kwa hiyo mkichagua kozi someni orodha ya masomo hadi chini. Jina Biomedical Engineering linabeba vitu vinne tofauti: picha, viungo bandia, tishu na seli, na vifaa vya hospitali. Ukienda ya tishu na seli ukitegemea kurudi karakanani mtapishana.

---

Omosh_254

Na wale bado wako shahada ya kwanza wasikae tu wakingoja uzamili. Kenyatta University ilikuwa kwa mradi wa UBORA, ule wa pesa za Umoja wa Ulaya uliongozwa na University of Pisa, pamoja na KTH ya Sweden, Madrid na Tartu. Shule ya usanifu ya kwanza ilifanywa Nairobi Desemba 2017, iliyofuata ikawa Pisa 2018. Wanafunzi wa Afrika na Ulaya kwa meza moja wakichora vifaa. Mradi uliisha lakini ule mtandao wa vyuo vya Afrika vya uhandisi tiba uko, ABEC, tangu 2012. Ulizeni wahadhiri wenu kama chuo chenu kimo.

Kuna pia Erasmus+ ya kubadilishana muhula mmoja. Hiyo huombi Brussels, unaomba kwa ofisi ya uhusiano wa kimataifa ya chuo chako, kama wana mkataba na chuo cha huko. Mara nyingi tangazo hubandikwa kwa ubao ambao hakuna mtu hupita.

---

Chumvi_ya_Uvinza

Wakuu Hungary vipi? Naona wizara inatangaza kila mwaka.

---

Nyanda_Ughaibuni

Stipendium Hungaricum. Ni halali, na ushindani ni mdogo kidogo kuliko Erasmus. Ada bure, na hosteli, au forinti 40,000 za kuchangia chumba. Posho ya uzamili ni forinti 43,700 kwa mwezi, ambayo ni kama euro mia na kitu. Hiyo haikutoshi Budapest, nakwambia ukweli, lazima kuwe na mkono wa nyumbani au kazi ya muda. Maombi hufungwa katikati ya Januari, na lazima upitie pande mbili: mfumo wao wa mtandaoni na uteuzi wa wizara ya nyumbani. Wanaosahau upande wa wizara huwa wanalia.

---

Binti_wa_Kange

Kaka Fundi ulisema utaeleza kuhusu miaka ya kazi.

---

Fundi_Oksijeni

Kweli dada. Kuna ufadhili usiopewa aliyetoka chuo jana. EPOS ya DAAD, shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo, inataka angalau miaka miwili ya kazi baada ya shahada, na shahada isizidi miaka sita. Angalizo: EPOS ina orodha yake maalumu ya kozi, hairuhusu kozi yoyote unayoipenda, kwa hiyo ifungue orodha kabla ya kujenga ndoto. Chevening ya Uingereza inataka saa 2,800 za kazi, na ukimaliza unarudi nyumbani miaka miwili. Ufadhili wa Swedish Institute nao unataka saa 3,000, na orodha ya nchi wanayoitangaza ndiyo ya kuangalia mwaka husika. KTH, Linköping na Chalmers wote wana kozi za tiba na uhandisi. Ireland nao wana Fellows Programme kwa Afrika, na Galway ni mji wa viwanda vya vifaa vya moyo, Medtronic na Boston Scientific wako pale.

Wewe ukimaliza shahada utakuwa mtu mwenye mafuta mikononi. Kwenye usaili hilo linaonekana. Ila kwa EPOS usisahau: wanahesabu kazi ya baada ya shahada, hii ya sasa ya diploma itakusaidia kwenye barua ya nia zaidi.

---

Chumvi_ya_Uvinza

Na lugha? IELTS lazima?

---

Fundi_Oksijeni

Vipo vyuo vinavyokubali barua kwamba ulisomeshwa kwa Kiingereza, vipo vinavyokataa, na mfadhili anaweza kudai IELTS hata kama chuo hakidai. Soma kurasa zote mbili, ya chuo na ya mfadhili.

Kijerumani anza hata kama kozi ni ya Kiingereza. Mwanafunzi wa nje anaruhusiwa kufanya kazi siku 140 kamili kwa mwaka, na ukihitimu unapewa hadi miezi 18 ya kutafuta ajira. Lakini wodini na karakanani kule watu wanaongea Kijerumani, na nafasi nyingi za tasnifu kwenye hospitali zitakuuliza B1 au B2. Goethe-Institut ipo Dar na ipo Nairobi. Mwenye kazi ya zamu aulize madarasa ya jioni.

Kesho nitaweka mfano wa jedwali la kugeuza krediti, somo kwa somo. Mwenye mtaala wa DIT, MUHAS au Kenyatta anitumie PDF, nikiupata mapema nitautumia huohuo.